Kukariri Si Tatizo Letu: Niliyojifunza Nikiwa Ofisa Mwanafunzi wa Jeshi la Anga la Marekani

Vijana wa Kitanzania na Kikenya walioko huku Marekani huniuliza swali lile lile kwa namna tofauti: nikariri nini kabla sijaanza mafunzo ya uofisa wa Jeshi la Anga? Nawaelewa. Tumesoma shule ambazo mwalimu anaandika ubaoni, unanakili, unameza, siku ya mtihani unatapika. Mtu akisikia kuna kitabu cha maarifa ya kijeshi ambacho kila ofisa mwanafunzi lazima akijue, anataka atumiwe faili kwa WhatsApp, alimeze, aende akiwa kamili. Ya kukariri yapo, na nitayataja. Ila kukariri ndiko kulikokuwa kwepesi kuliko yote. Kilichonitoa jasho ni kusema "sijui" mbele ya mkubwa, na hilo sikulikuta limeandikwa popote kwa ajili ya mtu aliyelelewa Tanga.

Njia za kuwa ofisa wa jeshi hilo ni tatu. Kuna Chuo cha Jeshi la Anga kule Colorado Springs, kuna shule ya maofisa iliyopo Maxwell, Alabama, kwa wale wenye shahada tayari, na kuna ROTC, ambayo unaifanya ukiwa chuo kikuu cha kawaida. Mimi nilipita ROTC, Houston. Unasoma shahada yako kama wenzako, ila katikati ya wiki una darasa la kijeshi, una kipindi cha kwata na uongozi, una mazoezi ya viungo alfajiri, na ukihitimu unatunukiwa kamisheni ukiwa luteni usu. Miaka miwili ya mwanzo ni ya kupimwa. Kiangazi kinachofuata, waliochaguliwa wanapelekwa kambini Maxwell kwa takribani wiki mbili. Ukivuka hapo unaingia miaka miwili ya mwisho, ambamo wewe ndiye unayewaongoza wadogo.

Kabla ya yote hayo kuna suala la uraia, na hapa ndipo wengi wetu tunapoteza muda na fedha.

Bila uraia wa Marekani hakuna kamisheni. Darasani utakaa na kwata utapiga, lakini mkataba hutasaini. Mama yangu alitangulia huku miaka kadhaa, mimi nikamfuata nilipomaliza kidato cha nne. Alipoapa uraia nilikuwa nimeshavuka miaka 18. Kwa sheria ya mwaka 2000, mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye green card na anayeishi na mzazi wake, anakuwa raia pale pale mzazi anapokuwa raia. Mimi nilikosa kwa miezi michache, ikabidi nisubiri miaka mitano ya kwangu mwenyewe. Wazazi wenye watoto wa miaka 15, 16, 17, nawaombeni: siku mnapostahili kuomba uraia, ombeni siku hiyo hiyo. Msisubiri mrudi kutoka harusini Dar. Ada ya fomu, tangu Aprili 2024, ni dola 710 kwa anayejaza mtandaoni na 760 kwa anayetuma makaratasi. Mtu anayelipwa kwa saa kwa kazi ya usiku ya kuhudumia wazee, kama nilivyokuwa mimi, anajua hizo ni zamu ngapi.

Gharama nyingine haina risiti. Wakenya wana Katiba ya 2010 inayowaruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili. Sisi Watanzania sheria yetu hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Siku ninaapa kwenye ukumbi ule wa Houston, watu wakipeperusha vibendera na kupiga picha, mimi nilikuwa napoteza Tanzania kisheria, na nilijua hivyo nikiwa nimeinua mkono. Baba, ambaye yuko Tanga, alikaa kimya kwenye simu kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea, kisha akauliza habari za baridi. Hatukulizungumza tena kwa miezi. Baba mdogo, aliyestaafu JWTZ, jeshi la Tanzania, ndiye aliyesema kinagaubaga: "Mwanangu, mimi sikukatazi. Lakini kiapo si koti, huvai huku unavua kule. Ukishaapa, usije kuniambia moyo wako uko Chumbageni." Ukiwa Mtanzania na unaifikiria njia hii, kaa na wazazi mlizungumze kabla, si baada. Utaulizwa pia na watu wasiokuhusu, kwa hiyo ni vizuri uwe umeshamjibu anayekuhusu.

Halafu kuna fomu ya usalama, ile namba 86. Ofisa lazima apate kibali cha kushika taarifa za siri, na fomu hiyo inataka anwani na kazi zako za miaka 10, ndugu zako na uraia wao, na watu wa nje unaowasiliana nao kwa karibu. Kwa mtu wa pwani hii ni kazi. Nina shangazi Mombasa, binamu Muscat, dada wa kambo Zanzibar, na kila mmoja ana majina mawili, la shule na la nyumbani. Mjomba mmoja alinishauri nimruke binamu wa Muscat. "Kwa nini ujichongee? Hawatajua." Nilimwandika. Niliwaandika wote, na aliyenihoji baadaye alipita kwa huyo binamu kwa maswali mawili, akaendelea. Wanachokitafuta kwenye ile fomu ni mtu anayeficha, na kudanganya humo ni kosa la jinai la shirikisho. Binamu kuishi Muscat si kosa popote.

Kinachotuumiza Waafrika Mashariki zaidi ni tarehe za kuzaliwa. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha kidato cha nne vile, pasipoti ina yake. Mtu alipunguzwa umri ili aingie darasa la kwanza, akasahau, leo anatakiwa aeleze. Eleza. Tafuta hati zote mapema, tengeneza hati ya kiapo ya majina kwa wakili, na useme ukweli ulivyo, hata kama unamtia aibu mwalimu mkuu wa zamani. Wale wanaoniuliza maadili ya jeshi ni yapi ningewaanzishia hapo, kwenye fomu, kabla ya kuwasomea maneno matatu ya ukutani.

Maneno hayo ndiyo haya, na utayakariri siku ya kwanza: uadilifu kwanza, utumishi kabla ya nafsi, ubora katika yote tutendayo. Jeshi la Anga limeyatumia tangu miaka ya 1990. Pamoja nayo utakariri tamko liitwalo imani ya mwanaanga, lililotolewa mwaka 2007. Kiapo cha ofisa. Ibara sita za kanuni ya mwenendo kwa askari aliyetekwa. Vyeo vyote na alama zake. Ngazi za amri kutoka kwa Rais hadi kwa kiongozi wa kikundi chako, kwa majina. Alfabeti ya redio, ambamo kila herufi ina neno lake. Na historia fupi ya jeshi lenyewe, ambalo lilitengwa na Jeshi la Nchi Kavu likawa tawi kamili tarehe 18 Septemba 1947. Majina ya wakubwa hubadilika, basi yahakiki jana yake, usitegemee karatasi aliyokupa mtu wa mwaka uliopita. Kwenye vyeo, angalia kwamba fedha iko juu ya dhahabu: luteni usu ana upau wa dhahabu, luteni wa fedha; meja ana jani la dhahabu, luteni kanali la fedha. Mgeni hukosea hapo, na anayekosewa hakumbuki kucheka.

Namna ya kukariri wengi wetu tuliosoma chuo cha Kurani tukiwa wadogo tunaijua tayari. Ni kwa sauti. Kusoma kimya kitandani hakukusaidii, kwa sababu hakuna atakayekuuliza ukiwa umelala. Utaulizwa umesimama wima, jasho linaingia machoni, mtu akikupigia kelele sikioni huku mwingine naye anauliza lake. Nilijirekodi kwa simu nikawa nasikiliza usiku kazini nikibadilisha mashuka, kisha nikayasema huku nakimbia. Bibi mmoja niliyekuwa namhudumia, mjane wa askari wa zamani, alianza kunisahihisha kwenye kiapo. Alfabeti ya redio nilijifunzia kwenye simu na benki. Jina langu la ukoo linaanza na Mw, Wamarekani wote hukwama hapo, basi nikawa nasema "Mike, Whiskey" na mambo yanakwenda. Naitumia hadi leo, na hapa ndipo mafunzo yangu yalipoanza kujilipa.

Sasa nije kwenye kile kigumu.

Ofisa mwanafunzi mpya anapewa majibu saba tu ya kumjibu mkubwa. Ndiyo, mkuu. Hapana, mkuu. Sina kisingizio, mkuu. Mkuu, naomba kutoa maelezo. Mkuu, naomba kuuliza. Mkuu, sijui. Mkuu, sielewi. Ukiyaona kwenye karatasi unasema hii kazi ya nusu saa. Kuyasema panapotakiwa kulinichukua karibu mwaka.

Nyumbani mkubwa akikuuliza "umeelewa?", jibu ni moja. Kusema hukuelewa ni kama kumwambia hajui kueleza, au wewe ni mjinga, na yote mawili si adabu. Kwa hiyo unaitikia ndiyo, halafu unazunguka nyuma ya nyumba kumwuliza kaka yako amesema nini. Hivyo ndivyo nilivyofanya kwa wiki nyingi. Nilikuwa naitikia kwa sauti kubwa, mgongo umenyooka, kila mtu ananisifu kwa nidhamu, kisha nanong'onezana na wenzangu: tunakutana wapi, amesema sare ipi? Mkufunzi mmoja, kapteni aliyekuwa rubani wa ndege za mizigo, aliona. Hakunifokea. Aliniita ofisini akaniuliza: "Ukiwa angani na mnara wa kuongozea ndege ukakupa urefu wa kuruka ukausikia nusu, pembeni yako utamwuliza nani?" Kisha akanieleza jinsi rubani anavyorudia neno kwa neno maelekezo aliyopewa na mnara, ili kosa lisikike kabla halijaua mtu, na kwamba asiyesikia anaomba arudiwe hata kama masafa yamejaa na kila rubani mwingine anamsikia akiomba. Huko angani adabu ndiyo hiyo.

Tangu hapo nikawa najizoeza kama mtu anayejifunza kuogelea ukubwani. "Mkuu, sielewi." Mara ya kwanza nilihisi nimemtukana. Yeye alirudia tu maelekezo, polepole kidogo, akaenda zake.

"Sina kisingizio" nalo lina uchungu wake. Mtu wa kwetu akichelewa ana hadithi: foleni, mvua, daladala imepata pancha, na hadithi yenyewe mara nyingi ni ya kweli. Jeshini mvua haikuulizwa. Unajibu kwa maneno mawili unanyamaza, na ukiona yapo maelezo ambayo mkubwa anayahitaji kweli ili afanye uamuzi, unaomba ruhusa ya kuyatoa. Tofauti ya kujitetea na kutoa taarifa nilianza kuijua hapo.

Na macho. Nililelewa nisimkodolee mkubwa macho. Nilipofika Marekani walimu wakawa wananiambia, niangalie ninapozungumza nawe, la sivyo unaonekana mwongo. Nikajifunza. Nikaingia ROTC, nimesimama mguu sawa, namtazama mkubwa usoni kama nilivyofundishwa, nikasikia: kwa nini unanitazama? Macho mbele! Nilitaka kucheka. Ukiwa mguu sawa unatazama mbele, humtazami mtu. Ukiwa mguu pande kwa mazungumzo unamtazama. Basi.

Kwenye mazoezi ya viungo nitapita haraka. Wakati wangu yalikuwa pushapu dakika moja, situpu dakika moja na mbio za maili moja na nusu. Viwango na aina ya majaribio hubadilishwa, uliza kikosi chako. Kila mtu aliamini nitawaacha wote mbioni. "Wewe si Mkenya?" Mimi ni Mdigo wa Tanga, nikawaambia, wale wanaokimbia ni majirani. Nilikuwa wa katikati. Pushapu ndizo zilizonishinda, nikaanza kwa kusukuma ukuta. Nyimbo za kukimbia hazikunipa shida hata kidogo, maana ni mchakamchaka ule ule wa shule ya msingi, kiongozi anatoa, kundi linaitika, na mguu wa kushoto unapiga chini kwa pamoja. Ila tambua gharama ya alfajiri zile. Ilinibidi niache zamu za usiku zilizokuwa zinalipa vizuri, na kwa mwaka mzima, kabla ya mkataba na posho yake, nilikuwa namtegemea mama kwa kodi. Hilo lilinitesa kuliko pushapu.

Wasichana huuliza nywele. Tangu mapema 2021 kanuni inaruhusu kusuka mkia mmoja au miwili inayoning'inia, isiyopita mstari wa kwapa kwa kipimo. Mistari na rasta zinakubalika zikiwa nadhifu na rangi ya asili. Kambini nilisuka twende kilioni nikamaliza shughuli, wenzangu wakiamka mapema kuhangaika na jeli. Kwa wanaovaa hijabu, ruhusa ipo lakini huombwa kwa maandishi, na majibu huchukua muda, kwa hiyo usisubiri wiki ya mwisho.

Nirudi kwenye maadili, kwa sababu yapo mawili ambayo mtu wa kwetu anapaswa kuyafikiria kabla hajaapa.

La kwanza ni kanuni ya heshima ya maofisa wanafunzi: hatutadanganya, hatutaiba, hatutaghushi, wala hatutamvumilia miongoni mwetu afanyaye hayo. Sehemu tatu za mwanzo hazina mjadala. Ya nne ndiyo yenye mwiba. Tumelelewa kusitiriana. Shuleni aliyekuangalizia kwenye mtihani ni rafiki, aliyekusema kwa mwalimu ni msaliti, na jina hilo linamfuata hadi kidato cha sita. Mwenzetu mmoja aliniomba nimsainie mahudhurio ya mazoezi ya alfajiri, kitu kidogo kabisa, naye alikuwa amenisaidia sana kwenye hisabati. Nilimwambia siwezi, na nikamwambia pia kwamba ana hadi jioni kwenda mwenyewe kueleza kwamba hakuwepo. Alinichukia waziwazi. Alikwenda. Alipewa adhabu ndogo akaendelea na mafunzo, na urafiki haukurudi ulivyokuwa. Sisemi hivyo kutafuta sifa. Nasema kwa sababu hakuna aliyeniambia mapema kwamba kanuni hii ina bei, na bei yenyewe ni watu.

Darasani tulifundishwa kisa kinachoonyesha kwa nini ile sehemu ya nne ipo. Mwaka 1994, kwenye kambi ya Fairchild, jimbo la Washington, kulikuwa na rubani hodari sana wa B-52, ndege kubwa ya mabomu, mwenye cheo, aliyekuwa akivunja kanuni hadharani kwenye maonyesho ya ndege mwaka baada ya mwaka: chini mno, kona kali mno kwa ndege kubwa kiasi kile. Kila mtu alijua. Wadogo walilalamika, wengine wakakataa kuruka naye. Luteni Kanali Mark McGeehan, kamanda wa kikosi cha mabomu, alipendekeza asimamishwe kuruka. Wakubwa hawakumsimamisha. McGeehan akaamua kwamba vijana wake hawataruka na mtu yule isipokuwa yeye mwenyewe awemo ndani. Tarehe 24 Juni, kwenye mazoezi ya maonyesho, ndege ililazwa kwenye kona karibu na ardhi, ikakosa nguvu ya kuelea, ikaanguka. Wote wanne waliokuwemo walikufa, McGeehan akiwa mmoja wao. Mke wake na wanawe waliona.

Nilikisoma kisa hicho mara nyingi, na kilichonishika si rubani mkaidi. Wakaidi wapo kila mahali, hata kwenye daladala. Kilichonishika ni wale wa juu, watu wazima wenye nyota na mabawa vifuani, waliopewa taarifa sahihi na mtu sahihi kwa wakati, wakaona ni taabu kumkera mzee mwenye uzoefu. Naijua hali hiyo. Naijua kutoka vikao vya ukoo. Ofisa mmoja wa juu baadaye alifikishwa mahakama ya kijeshi akakiri uzembe wa wajibu, lakini hilo halikuwarudisha wanne.

La pili ni kiapo chenyewe. Askari wa kawaida wa Marekani anaapa kuitetea Katiba na pia kutii amri za Rais na za maofisa walio juu yake. Kiapo cha ofisa hakina hilo neno la kutii mtu. Ofisa anaapa kuiunga mkono na kuitetea Katiba, basi. Wanafunzi wengi hukariri bila kuona tofauti. Maana yake ni kwamba ofisa anategemewa aitambue amri isiyo halali, aikatae, na ajibu kwa hilo. Ndiyo sababu sheria za vita ziko kwenye masomo: Mikataba ya Geneva ya 1949, kutenganisha mpiganaji na raia, kutowadhuru raia kwa kiasi kinachozidi faida ya kijeshi inayotarajiwa, kutowatesa waliotekwa. Usiisome sehemu hiyo kwa ajili ya maswali ya kuchagua tu. Iulize: mimi niliyeshindwa kusema "sielewi" kwa mwanafunzi mwenzangu wa mwaka wa nne, nitawezaje kusema "amri hii si halali, mkuu"? Ni misuli ile ile, na inajengwa kwa vitu vidogo.

Kanuni ya mwenendo nayo ilinipata kwa njia sikuitegemea. Ilitolewa na Rais Eisenhower mwaka 1955, baada ya yaliyowapata mateka wa Marekani kule Korea. Ibara ya kwanza inaanza kwa kusema mimi ni Mmarekani. Nilikuwa nimeisema mamia ya mara kama maneno ya mtihani. Siku ya kwanza baada ya kuapa uraia niliitwa mbele niiseme, nikafika hapo sauti ikakatika. Walidhani nimesahau. Wakufunzi hufundisha kanuni hiyo kwa mfano wa Kapteni Lance Sijan, ambaye ndege yake ilianguka Laos mwezi Novemba 1967. Akiwa na mguu uliovunjika alijikokota msituni zaidi ya siku 40 kabla hajakamatwa, akateswa, hakutoa alichotakiwa kutoa, akafa Hanoi Januari 1968. Ibara zile sita zinasomeka tofauti ukishamjua yeye.

Maxwell yenyewe, kwa mtu wa Tanga, joto lake si geni. Alabama kiangazi ni kama Machi kwetu, unaoga unatoka unaloa tena. Wenzangu wa kaskazini walizimia. Kazi ilikuwa usingizi mdogo, chakula cha kumeza bila kutafuna, kitanda cha kupimwa kwa rula, na kupewa uongozi ghafla. Unapewa mbao mbili, kamba, pipa na watu wako, unaambiwa vusheni mzigo huu bila kugusa mchanga, saa inakwenda. Kuvuka si lazima. Wanatazama kama ulisikiliza, kama uligawa kazi, kama yule mkimya kabisa aliulizwa maoni yake. Mimi tabu yangu ilikuwa "naomba". Nilikuwa nawaomba watu wafanye: naomba unishikie, samahani, kama hutajali. Mtathmini akaandika kwamba maelekezo yangu yanasikika kama hiari. Nilipunguza maneno, sikupandisha sauti. Wale wanaodhani amri ni kufoka walipata alama mbaya kuliko zangu.

Maxwell haiko mbali na Tuskegee, walikofunzwa marubani weusi wa Vita vya Pili vya Dunia. Kuna jioni ya upweke kambini, kila mtu atakuwa nayo, na yangu niliipitisha nikimfikiria Benjamin O. Davis Mdogo. Aliingia West Point, chuo cha maofisa wa Jeshi la Nchi Kavu, na kwa miaka yake yote minne pale wanafunzi wenzake hawakuzungumza naye isipokuwa kwa shughuli za kikazi. Alilala chumba peke yake, alikula kimya. Akahitimu mwaka 1936. Akaja kuwaongoza marubani hao vitani Ulaya, na mwaka 1954 akawa jenerali wa kwanza mweusi wa Jeshi la Anga. Sipendi hadithi yake inavyotumiwa kuwaambia watu weusi wavumilie kila kitu. Davis aliripoti aliyopaswa kuripoti, alidai vikosi vyake vihukumiwe kwa kazi, na alikwenda Washington kuwatetea marubani wake wakubwa walipotaka kuwaondoa vitani. Kuvumilia na kunyamaza si kitu kimoja.

Kuhusu mkataba: usome mwenyewe, mstari kwa mstari, kabla ya kusaini. Maofisa wengi hudaiwa miaka minne ya utumishi. Rubani hudaiwa 10, nayo huhesabiwa kuanzia anapomaliza mafunzo ya urubani, si siku ya kamisheni. Nimekutana na vijana waliodhani vinginevyo. Siku ya kamisheni beba pia sarafu ya dola moja ya fedha. Kwa desturi, askari wa kwanza kukupigia saluti ndiye anayepewa. Mama alitafuta yangu wiki nzima kwenye maduka ya sarafu za zamani, akanunua mbili, moja akabaki nayo.

Na kwa mnaoniandikia kutoka nyumbani, mkiuliza kama Mtanzania aliyeko Tanzania anaweza kutuma maombi ya kuwa ofisa wa jeshi hili: hapana. Anayekuambia ana njia, akitaka umtumie fedha ya fomu, ni tapeli. Chuo cha Colorado Springs hupokea wanafunzi wachache wa kigeni, lakini hao hupendekezwa na serikali zao na hurudi kutumikia majeshi ya kwao. Kwa anayetaka anga kwa dhati, Kamandi ya Jeshi la Anga ya JWTZ ipo, chuo cha maofisa cha Monduli kipo. Mimi nikikujibu kwa kuchelewa ujue niko zamu.